Redio ya wilaya imeishiwa fedha. Tufute vipindi vya maana tukimbilie mtandaoni?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni msimamizi wa vipindi katika redio ya jamii, wilaya moja ya Kanda ya Kati. Tuko hewani kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 6 usiku. Tuna watangazaji 8, wengi wanajitolea kwa posho ndogo. Miaka ya karibuni matangazo ya biashara yamepungua sana, na saa moja ya habari tuliyokuwa tunaipokea kutoka idhaa ya nje nayo imekatika. Bodi inataka nifute kipindi cha wakulima na kile cha baraza la madiwani kwa hoja kwamba vijana hawasikilizi redio tena. Wanataka niweke muziki, umbea wa wasanii na matangazo ya kubeti, halafu nguvu inayobaki twende nayo mtandaoni. Mimi nilipenda kazi hii nikisikiliza Radio Tanzania nyumbani kwa babu, kwa hiyo roho inaniuma. Lakini posho za watu lazima zilipwe. Je, ubora bado una nafasi, au ni mimi niliyebaki nyuma? Na kama una nafasi, nianzie wapi wakati vifaa vyetu ni vya zamani?"

Marahaba, ndugu yangu. Hujabaki nyuma, na bodi yako nayo haijakosea kuogopa, maana redio isiyoweza kulipa umeme haiwezi kuzungumzia ubora. Kinachonisumbua ni kwamba katika kikao chenu mambo matatu yamefungwa fundo moja: kwamba fedha zimepungua, kwamba vijana wameondoka, na kwamba vipindi vya maana ndivyo vilivyowafukuza. La kwanza ni kweli. La pili ni nusu ya ukweli. La tatu sijaliona likithibitishwa popote nilipofanya kazi, na ndilo linaloweza kuwamalizia kituo.

Nianze na vijana. Pita kijiwe cha bodaboda saa nne asubuhi, ingia kwa kinyozi, simama kwa fundi cherehani sokoni: redio inalia. Nenda shambani utamkuta mtu analima, simu ya kitochi iko mfukoni, waya wa masikioni unafanya kazi ya antena, na hajatumia bando hata kidogo. Watu hao hawajaiacha redio. Walichoacha ni kukaa kitako kusubiri kipindi kianze. Siku hizi wanasikiliza vipande vipande, huku wanafanya kazi. Tena wameacha kuitegemea redio kwa mambo ambayo simu inawapa upesi zaidi, yaani wimbo mpya, matokeo ya mpira na habari za wasanii.

Sasa rudi kwenye mapendekezo ya bodi: muziki, umbea wa wasanii, kubeti. Ni yaleyale ambayo simu imeshayachukua! Bodi inataka mtoke kwenye uwanja ambao mko peke yenu, mwende mkashindane pale ambapo mtu wa wilaya yenu ana vyanzo visivyohesabika mkononi mwake, na karibu vyote vina fedha kuliko ninyi.

Hebu jiulize ni nani mwingine atawaambia watu wa wilaya yenu kwa nini bomba la kijiji fulani halitoi maji wiki ya pili. Nani atafuatilia mbolea ya ruzuku imefika kwa wakala yupi na imeisha saa ngapi? Ng'ombe mnadani Jumamosi walikwenda kwa bei gani, na mganga mkuu wa wilaya anasema nini kuhusu kuhara kulikozuka kule bondeni? Televisheni ya Dar es Salaam haitakuja. Makundi ya WhatsApp yatasema, lakini yatasema mambo matano yanayopingana, na mtu atabaki hajui ashike lipi. Aliye karibu kiasi cha kwenda kuuliza, na mwenye jina la kulinda asipouliza vizuri, ni redio yenu. Siendi mbali zaidi ya hapo ninapotumia neno ubora: mtu akisikia jambo kwenu, anaweza kulifanyia uamuzi bila kujuta.

Fedha zimekwenda wapi basi? Kampuni kubwa za simu, benki na vinywaji zilikuwa zinanunua muda hewani kwa kuamini kwamba watu wanasikia. Leo mtu wa masoko anaweka tangazo mtandaoni, na jioni hiyohiyo ana takwimu mezani za walioliona na waliolibofya. Redio ya wilaya haina karatasi kama hiyo, kwa hiyo bajeti inapobanwa ndiyo inayokatwa kwanza. Urefu wa kipindi cha wakulima haukuhusika kabisa. Hata mkipiga muziki saa 24, mteja yule hatarudi, kwa sababu hakuondoka kwa ajili ya vipindi. Naomba bodi ielewe hili kabla ya jambo jingine lolote, maana dawa yote wanayopendekeza imejengwa juu ya utambuzi usio sahihi wa ugonjwa.

Ubora wenyewe unaporomoka kwa njia ambayo ni vigumu kuiona ukiwa ndani. Anayeondoka kwanza fedha zikipungua siyo mtangazaji, maana sauti yake itakosekana hewani na kila mtu atajua. Anaondoka mtayarishaji, yule aliyekuwa anapiga simu tangu jana yake, anatafuta mgeni, anaandika maswali. Wiki ya kwanza hakuna anayegundua. Baadaye nauli ya kwenda kijijini inakatwa, na sauti za vijijini zinatoweka hewani. Kipindi kinabaki kuwa watu watatu studioni wakipeana maoni, na maoni hayahitaji nauli. Kisha anakuja mtu mwenye bahasha, mfanyabiashara wa dawa za nguvu au mwanasiasa, anapewa nusu saa kama "mgeni wetu wa leo" bila wasikilizaji kuambiwa kwamba amelipia. Msikilizaji hapigi simu kulalamika. Anaacha tu kuamini, na siku mtakapotangaza jambo zito kama mlipuko wa ugonjwa, atakwenda kuuliza kwingine kwanza. Mkifika hapo hata duka la pembejeo la palepale mjini halioni sababu ya kuwalipa, kwa sababu mlichokuwa mnauza, yaani kuaminiwa, hamnacho tena.

Umeitaja Radio Tanzania na babu yako, na ninajua unachokikumbuka. Matangazo yalianza mwaka 1951 kama Sauti ya Dar es Salaam, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, jina ambalo wazee wengi wanalitumia hadi leo. Mitambo yake ya siku zile mtangazaji wako kijana angeiona ni ya makumbusho. Lakini mwaka 1973 redio hiyo ilikuwa uti wa mgongo wa kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoratibiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Watu walikusanyika kwa vikundi kuzunguka redio moja, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu kilichoandaliwa pamoja nacho, wakajadili, wakaamua la kufanya kijijini kwao: kuchimba choo, kusafisha kisima, kufyeka majani yanayoficha mbu. Walioshiriki wanakadiriwa kufikia milioni 2. Vifaa havikuhusika sana na mafanikio yale. Kazi ilikuwa imefanyika kabla ya kipaza sauti kuwashwa: viongozi wa vikundi walifundishwa, vijitabu vilichapwa na kusambazwa, na kila aliyehusika alijua kipindi cha wiki ile kinataka msikilizaji afanye nini.

Hapo hapo, tusiikumbuke kwa mapenzi matupu. RTD ilikuwa sauti ya serikali, na Bara haikuwa na redio binafsi ya kuishindania mpaka sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua mlango. Maswali mengi hayakuulizwa hewani miaka ile. Ufasaha wake na nidhamu yake ya maandalizi ni vya kurithi, lakini redio ya leo inadaiwa zaidi. Inadaiwa kumuuliza mwenyekiti wa halmashauri swali asilolipenda, kwa adabu na kwa ushahidi. Kipindi chenu cha baraza la madiwani kina thamani kwa sababu hiyo, na kinahitaji kutengenezwa upya badala ya kufutwa. Ninadhani ninajua tatizo lake bila hata kukisikia: mnarusha hotuba za ukumbini kama zilivyo, saa nzima, na mwangwi wake. Hakuna kijana atakayevumilia hilo, na hata mimi sivumilii. Chukueni hoja moja tu ya kikao, mfuateni diwani aliyeitoa na mwananchi mmoja inayemgusa, mtengeneze dakika 12.

Kipindi kizuri si lazima kiwe cha gharama. Mwaka 1966, Leonard Mambo Mbotela alianzisha kule Sauti ya Kenya kipindi kilichoitwa Je, Huu ni Ungwana? Alichohitaji ni sauti yake, kisa cha tabia fulani ya watu wa kawaida, na swali lile alilomwachia msikilizaji alijibu mwenyewe. Kilidumu zaidi ya nusu karne, na Mbotela alipofariki Februari 2025 watu wa rika zote, Kenya na nje ya Kenya, walikuwa wanakikumbuka. Kilikuwa na wazo moja lililo wazi, na alilitunza bila kuchoka.

Kuhusu vifaa vya zamani, nitakuambia yale yanayowezekana wiki hii. Kaa mbele ya kipaza sauti kwa umbali wa ngumi moja hivi, na ukigeuze kidogo pembeni ya mdomo badala ya kukielekeza katikati. Zile "p" na "b" zinazopasuka zitapungua sana. Trei za mayai mlizobandika ukutani, kama mnazo, hazinyonyi sauti kwa kiasi cha maana, pamoja na kwamba studio nyingi zinaziamini. Mwangwi unauawa na vitu vizito na laini: blanketi nene zilizoning'inizwa mbali kidogo na ukuta, godoro la sponji lililosimamishwa nyuma ya mtangazaji, zulia sakafuni. Kisha mwambie fundi mitambo asizidishe sauti inayoingia kwenye transmita, yaani mtambo wa kurusha matangazo, akidhani mtasikika mbali zaidi. Umbali unatokana na nguvu ya transmita, antena na urefu wa mnara. Sauti ikizidishwa masafa yanapanuka kupita kHz 75 kila upande zinazoruhusiwa kwenye FM, mnakwaruza masikioni mwa watu na mnaweza kumwingilia jirani yenu hewani.

Lakini kama una nafasi ya kurekebisha jambo moja tu, usianze na sauti. Anza na sentensi. Chukua taarifa ya bei katika kipindi cha wakulima. Redio nyingi husema: "Bei ya alizeti imepanda sokoni, wakulima wanaombwa kuchangamkia fursa hii." Mkulima aliyesikia hivyo hana analoweza kufanya. Imepanda kutoka ngapi hadi ngapi? Soko gani? Gunia la debe sita lililoshonwa bapa, au lumbesa, lile la kujazwa kupita kiasi, la debe nane? Nani kasema, mnunuzi au muuzaji? Sasa fikiria mtangazaji wako anasema: "Jana mchana pale mnadani, wanunuzi wawili kati ya watatu niliowauliza walitoa elfu sabini kwa gunia la debe sita. Wa tatu alitaka lumbesa kwa bei hiyohiyo, na wakulima wawili walimkatalia mbele yangu." (Bei hiyo ni ya mfano tu.) Imechukua sekunde 20 au pungufu. Mkulima ana bei, ana kipimo, amejua anaweza kukataa lumbesa na hatakuwa wa kwanza. Huyo kesho atafungua redio yenu tena, awe na miaka 20 au 60. Gharama yake ilikuwa nauli ya bodaboda na mtangazaji anayejua maswali matano ya kuuliza.

Utaona nimesema "mtangazaji anayejua". Watu hao wanane ndio mali yenu kubwa kuliko mnara, na wengi wao, kwa ninavyofahamu redio za jamii, hawajawahi kukaa na mtu akawasikiliza kwa makini. Wanasifiwa na mashabiki au wanakaripiwa na meneja, basi. Anzisha kikao cha kusikiliza, mara mbili kwa wiki, dakika 20, mara tu kipindi kinapoisha. Washa rekodi, sikilizeni pamoja dakika tatu za mwanzo bila mtu kusema neno. Kisha muulize mwenye kipindi kwanza: ungekuwa na jembe mkononi, ungebaki au ungebadilisha stesheni, na kwenye sekunde ipi? Mwache ajibu yeye. Wengine wanaongeza jambo moja zuri na moja la kurekebisha, na hilo la kurekebisha linaandikwa kwenye daftari ili kikao kijacho kianze nalo. Mara ya kwanza watajihami. Baadaye utasikia mtu akisema mwenyewe, "Hapa nilikuwa najaza muda." Ukisikia hivyo, jua utamaduni wa utangazaji umeanza kuota mizizi. Hata wewe msimamizi weka rekodi yako mezani, tena iwe ya kwanza kusikilizwa.

Katika vikao hivyo litazuka suala la lugha. Bodi inaweza kudhani Kiswahili fasaha kinawachosha vijana. Kinachowachosha ni lugha ya ofisini: "zoezi la utoaji wa huduma ya chanjo limefanyika kwa ufanisi". Sema "watoto mia mbili wamechanjwa, na waliokosa waje Alhamisi". Hicho ni Kiswahili fasaha na ni chepesi. Lugha ya mtaani ina nafasi yake kwenye mazungumzo ya jioni, lakini taarifa ya dawa, ya sumu ya panya au ya mafuriko lazima bibi na mjukuu waielewe sawasawa.

Sasa mtandao. Wengi wanafikiri ukiweka redio mtandaoni umeepuka gharama za mnara. Hesabu inasema vingine. Kwenye FM, wakisikiliza watu kumi au elfu kumi, umeme wa transmita ni uleule, na msikilizaji halipi chochote. Kwenye mtandao kila anayejiunga anaongeza mzigo, na analipa yeye pia. Redio inayorushwa kwa kbps 128 (kipimo cha data inayopita kila sekunde) inakula karibu MB 58 kwa saa. Mtu akisikiliza saa tatu kwa siku kwa mwezi mzima, ni zaidi ya GB 5. Mama muuza nyanya hatanunua bando hilo ili asikilize kitu ambacho kitochi chake kinakipata bure. Ukishusha hadi kbps 32 kwa mfumo wa AAC+ unabaki na MB 14 hivi kwa saa, na sauti inasikika vizuri tu, lakini bado hao watakuwa hasa watoto wenu walio Dar, Mwanza, labda Muscat, wanaotamani kusikia ya nyumbani. Wana maana, ila si badala ya watu wa bondeni.

Kwa hiyo mimi nisingeanza na matangazo mbashara mtandaoni. Ningeanza na vipande. Ile taarifa ya alizeti, ile hoja moja ya baraza la madiwani: ikate iwe dakika tatu, ihifadhi kama MP3 ya kbps 64, itakuwa na MB 1.4 hivi, itume kwenye makundi ya WhatsApp ya vijiji ikiwa na jina la redio na tarehe imetamkwa mwanzoni kwa sauti. Tarehe itamkwe, maana kipande kitazunguka miezi na bei ya zamani inaweza kumdhulumu mtu. Kijana aliyekosa kipindi atakipata, na wewe utaanza kupata ile karatasi ya takwimu: ujumbe uliorudi, kutoka kijiji gani, ukisema nini. Kabla ya kufungua chochote kikubwa zaidi, waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, leseni yenu inaruhusu nini. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zina masharti yake, na ni heri kuuliza kabla kuliko kuandikiwa barua.

Tuje kwenye fedha, na hapa sitakudanganya. Ubora hauleti fedha kesho asubuhi. Kuna redio zilizofanya kazi nzuri zikafungwa. Ninachoweza kukuhakikishia ni kwamba fedha anazoziona mjumbe wa bodi kwenye kubeti hazina mizizi. Aprili 2025 bodi ya kudhibiti kamari ya Kenya ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, kwa tangazo moja. Kituo kilichoegemea hapo kiliamka na shimo kwenye bajeti. Na hilo ni kabla hujawafikiria vijana wa bodaboda wanaowasikiliza ninyi, wanaopeleka marejesho ya pikipiki kwenye mkeka wa kubeti. Redio ya jamii inayoishi kwa hasara ya jamii hiyo imejikana yenyewe. Hilo ni neno langu na nalisimamia.

Njia nyingine, ya kubaki kama mlivyo, nayo siishauri. Saa 19 kwa siku na watangazaji wanane wa posho ni nyingi mno. Mnawachosha watu na mnajaza muda. Punguza. Chagua saa nne kwa siku za vipindi mnavyotengeneza wenyewe, mbili alfajiri na mbili jioni, na hizo zifanywe kwa moyo wote. Saa zinazobaki pigeni muziki mzuri, wa zamani na mpya, mkilipia hakimiliki inavyotakiwa, bila kuona aibu. Muziki kama mpangilio wa siku hauna ubaya. Ubaya unaanza unapokuwa sababu ya kutokwenda kijijini. Badilishaneni vipindi na redio jirani pia. Kipindi cha mifugo cha wenzenu wa wilaya ya pili kinawafaa ninyi, na chenu cha alizeti kinawafaa wao. Mtandao wa redio za jamii nchini, TADIO, upo kwa ajili ya ushirikiano wa namna hiyo.

Katika kutafuta wa kulipa, angalia chini kabla ya kuangalia Dar. Duka la pembejeo, SACCOS, mwenye mashine ya kukamua mafuta, shule binafsi, mwenye mabasi. Hao hawahitaji takwimu za mtandaoni; wanahitaji mteja aliyeingia dukani na kusema "nimesikia redioni". Wauzie udhamini wa kipindi, siyo maneno ya kipindi, na mtangazaji asisifie mbegu ambayo afisa kilimo hajaithibitisha. Halmashauri nayo ina matangazo ya chanjo, kodi na mikutano. Iwekeeni bei rasmi iliyoandikwa, msije mkawa mnarusha kwa fadhila na kudaiwa fadhila siku ya habari ngumu. Kipindi chochote kilicholipiwa kitajwe mwanzo na mwisho kwamba kimelipiwa, na na nani.

Kisha kuna jambo ambalo redio zetu zilikuwa nalo zikaliacha likafa: kadi za salamu. Miaka ile mtu alinunua kadi, akaandika majina ya ndugu, akasubiri kusikia yakisomwa. Ilikuwa michango ya wasikilizaji, na hawakuona kama wanaombwa, kwa sababu walipata kitu. Leo inaweza kufanyika kwa malipo ya simu: shilingi mia tano, salamu zako zinasomwa Jumapili, na mwisho wa mwezi redio inatangaza hewani kiasi kilichokusanywa na kilivyotumika. Hakitalipa posho zote. Kitalipa nauli za vijijini, na kitaipa bodi orodha ya watu halisi wanaotoa fedha yao kwa ajili ya redio yenu. Orodha hiyo mpelekee mwenye duka la pembejeo.

Kuhusu ile saa ya idhaa ya nje, usihuzunike sana, ingawa najua ilikuwa na wasikilizaji. Machi 2025 Sauti ya Amerika ilisimamishwa ghafla kwa uamuzi wa serikali ya Marekani, na vituo vingi vilivyokuwa vinaipokea vilibaki na pengo. Idhaa hizi, BBC Swahili iliyoanza mwaka 1957, ile ya Ujerumani na nyinginezo, zimelea waandishi wetu wengi na nazishukuru. Lakini bajeti yake inapangwa mbali, na kura ya huko inaweza kuifunga. Saa hiyo jazeni kwa nusu saa yenu ya habari za wilaya, fupi, zilizothibitishwa kwa vyanzo viwili, na nusu saa ya simu za wasikilizaji kuhusu habari hizohizo.

Kwa bodi, usiende na hoja za moyoni peke yake. Omba miezi mitatu ya majaribio: vipindi viwili vilivyotengenezwa upya, vipande kwenye WhatsApp, salamu za Jumapili. Andika tangu siku ya kwanza ujumbe na simu zinazoingia, zinatoka kijiji gani, na mteja gani mpya amelipa kiasi gani. Siku ya kikao wasikilizishe dakika 12 za baraza la madiwani la zamani na la sasa, kisha waoneshe daftari. Ikiwa baada ya hapo hesabu bado hazifungi, kuweni wakweli na mpunguze saa za hewani zaidi kabla ya kuuza zile saa nne za vipindi vyenu wenyewe.

Yako mambo ambayo mimi siwezi kuyatibu kwa maandishi. Ukiona kwenye transmita nguvu inayorudishwa kutoka kwenye antena inapanda, au radi imepiga karibu, zimeni na mwite fundi mitambo mwenye uzoefu. Asipande mtu mnarani kuangalia wakati mtambo unawaka. Kipindi kikitaka kumtaja mtu kwa jina kuhusu ubadhirifu, mwanasheria akisikilize kabla hakijaruka, na mkipata barua ya madai msijibu hewani. Masuala ya leseni yapelekeni ofisi ya TCRA ya kanda, Dodoma, mkiwa na nakala ya leseni na mpangilio wa vipindi mkononi. Kama posho zina malimbikizo ya miezi, tafuteni mhasibu akae na vitabu kabla hamjaahidi kitu kipya, maana watu wasiolipwa hawatakuja kwenye kikao chochote cha kusikiliza. Na mkipata fedha kidogo za mafunzo, msizipeleke kwenye semina ya hotelini. Ombeni mkufunzi aje kwenu wiki nzima, mtumieni rekodi za siku tano kabla hajafika, na asubuhi ya kwanza awepo studioni saa 11 pamoja na yule anayefungua matangazo.